Mpingo Haupendi Jeppestown

Mpingo ni mti wa joto. Unakua Kilwa, Lindi, Ruvuma, na ng'ambo ya mto Ruvuma huko kaskazini mwa Msumbiji, tena unakua kwa maringo, miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kukatwa. Katika muda wote huo hakuna anayeudokezea kwamba ipo siku utaamka asubuhi ya Julai kwenye mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ndani ya chumba kisicho na hita, karibu na stesheni ya Jeppe, huku mwenye chumba akipuliza viganja vyake na kusema, "Haya, tufanye mazoezi." Ningekuwa mimi ndio mpingo, ningepasuka siku ya kwanza.

Na klarineti nzuri za dunia hii, kwa sehemu kubwa, ni mpingo. Magogo ya Kusini mwetu hukatwa vipande, hupakwa nta kwenye ncha ili yasikauke kwa pupa, hupanda meli, na mengi huishia Mantes-la-Ville, mji ulio magharibi ya Paris wenye viwanda vya ala za kupuliza. Huko hupumzishwa hadi yakauke sawasawa, hutobolewa, hupigwa msasa, huvikwa vyuma vinavyong'aa, kisha hutoka nje na uraia wa Kifaransa. Yangu niliinunua katika duka moja la rehani hapa Johannesburg. Kwa hiyo mti wa kwetu Lindi na mimi mtoto wa Lindi tumekutana Jeppestown, mmoja akiwa amepitia Ulaya, mwingine akiwa amepitia Tunduma, Lusaka na Beitbridge kwa basi.

Tofauti haikuishia hapo. Mwaka 2017 mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliuweka ukoo wote wa mpingo chini ya ulinzi, na ala zilizouzwa kuvuka mipaka zikatakiwa ziwe na vibali. Wenye viwanda na wanamuziki wakalalamika hadi wakasikilizwa. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zikasamehewa. Mimi miaka hiyohiyo nilikuwa nasimama foleni kwa ajili ya makaratasi yangu, na msamaha wa kundi zima sikuuona. Tangu hapo naitazama klarineti yangu kwa jicho la mtu anayeishi na ndugu aliyefanikiwa.

Shida yake na mji huu inaeleweka. Baridi ya Johannesburg haina mvua. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa inakauka hadi midomo inachanika na nywele zinatoa cheche ukivua sweta. Ukipuliza, pumzi ya moto na yenye unyevu inapita ndani ya mti. Ndani kunavimba. Nje kunasinyaa. Mti uliobanwa na tamaa mbili lazima uachie mahali, na klarineti huachia kwenye kipande cha juu, hasa kwenye matundu madogo ya pembeni, mahali ambapo ukuta wake umetobolewa zaidi. Ndiyo maana mzee aliyenifundisha Lindi, mstaafu wa bendi ya Polisi, hakuwahi kunitajia habari za nyufa. Alinifundisha kuikinga na chumvi ya bahari na watoto wa jirani. Somo la theluji halikuwemo.

Jeppestown nayo si mahali pabaya pa kupigia klarineti, ukiacha hali ya hewa. Ni kitongoji cha zamani, karibu umri mmoja na jiji lenyewe, kimekaa mashariki ya katikati ya mji. Mtaa wa Jules unakipita umenyooka, na pande zote mbili ni gereji, vipuri, wanyoosha bodi za magari na maduka ya matairi. Kelele ni nyingi kiasi kwamba mtu anayepiga skeli hashitakiwi na jirani. Jumapili magereji yanafunga na makanisa yanafungua, mara nyingi kwenye ghala hilohilo. Letu ni la Wakongo, Watanzania, Warundi na wachache waliokosea mlango wakapenda nyimbo. Bendi ina tarumbeta mbili, trombone, ngoma, na mimi. Huwa nawakumbusha wenzangu kwamba Kippie Moeketsi mwenyewe, yule mkubwa wa jazi ya mji huu aliyezaliwa 1925 na kufariki 1983, alianza na klarineti ndipo akahamia saksafoni. Mpiga trombone hunijibu kwamba huenda baridi ndiyo iliyomhamisha, maana saksafoni ni shaba.

Sasa, matunzo. Klarineti ya kawaida ina matundu 24 na vibonyezo 17, na chini ya kila kibonyezo kuna pedi, kijiduara cha sufu iliyoshindiliwa kilichovikwa utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe. (Binamu yangu wa Dar, nilipomwandikia kwamba nina shida kubwa ya pedi, alimpigia kwanza shangazi.) Mate yakifika kwenye pedi, inanata kwenye tundu na kutoa mlio mdogo wa busu kila unapoachia kidole. Dawa yake wapigaji wa dunia nzima wanaijua: karatasi ya kusokotea sigara. Unaiweka chini ya pedi, unabonyeza, unaivuta, inaondoka na unyevu. Karatasi hiyohiyo ndiyo kipimo: ikiteleza kwa urahisi pedi ikiwa imefungwa, ujue hewa inavuja hapo. Kwenye duka lolote la mtaani kwetu inauzwa kaunta, jirani na viberiti.

Basi Jumapili moja, kati ya pambio na mahubiri, pakiti ya karatasi ilianguka kutoka kwenye sanduku langu, ikateleza sakafuni na kusimama mbele ya viatu vya Mama Mchungaji. Aliiokota. Aliigeuza. Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuipata hata nilipofiwa.

"Mwanangu," akasema, "tangu lini?"

"Mama, ni ya klarineti."

"Klarineti ndiyo inayovuta?"

Kijana mmoja wa kwaya anayesoma sheria akaona hii ndiyo nafasi aliyokuwa anaingoja tangu mwaka wa kwanza. Akasimama kunitetea: Mahakama ya Katiba, Septemba 2018, iliamua kwamba mtu mzima anayetumia bangi yake faraghani hatendi kosa la jinai. Akaeleza maana ya faragha. Akaeleza kwamba kanisani si faragha. Alipoketi nilikuwa nimeshaombewa na safu mbili za mbele. Nikaichukua klarineti, nikaweka karatasi chini ya pedi mbele ya macho ya wote, nikaonyesha inavyofanya kazi. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba vijana wa siku hizi wamekuwa wajanja sana.

Kuhusu ukavu wa hewa nilishauriwa maganda ya machungwa. Huo nao ni ushauri wa kale wa wapigaji: ganda bichi ndani ya sanduku linatoa unyevu kidogo na mti haukauki kwa ghafla. Walioandika ushauri huo hawakuishi chumba cha chini katika jengo letu. Mende wa Jeppestown walipopata habari kwamba kuna nyumba yenye giza, iliyotandikwa mahameli, yenye machungwa, walihamia kwa ukoo. Katikati ya wimbo wa sadaka mmoja alitoka kwenye kengele ya klarineti, akasimama ukingoni, akaangalia waumini. Mpiga trombone alikosa noti nne kwa kicheko, na mimi nikawa ndiye niliyeharibu ibada.

Tukafika Jumatatu ya tarehe 10 Julai 2023.

Wakazi wa Johannesburg wanaikumbuka. Theluji ilianguka mjini, kitu ambacho hakikuonekana tangu Agosti 2012, na watu wazima wenye madeni na watoto shuleni wakatoka nje na pajama. Kiongozi wa kwaya akatuma ujumbe: wote tukutane nje ya kanisa, na ala, mara moja, tutarekodi video ya wimbo wa Noeli, maana Noeli yenye theluji haitarudi tena mtaa huu. Nikajaribu kueleza habari za mpingo. Akajibu kwamba Mungu aliyeleta theluji atalinda na klarineti. Sikuwa na andiko la kupinga.

Tukasimama kando ya lori la matairi, mvuke ukitutoka mdomoni. Wapiga tarumbeta wakavaa glavu na kuanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili nikasikia kitu kidogo sana, tik, mlio wa kucha kwenye meza, na noti iliyofuata ikalia kama kuku aliyekanyagwa. Kwenye video inasikika vizuri. Ndiyo sehemu iliyosambazwa zaidi.

Ufa ulianzia juu ya kipande cha juu ukashuka hadi kwenye tundu la pembeni, mwembamba kuliko unywele. Nilipoupulizia, kidole changu upande wa pili kilihisi upepo.

Jiji hili lina mafundi wa ala wa kweli. Duka moja la kaskazini, kwenye vitongoji vya miti na kuta ndefu, walinipokea kwa adabu, wakauangalia ufa kwa lenzi, wakanieleza kazi yote: ufa ujazwe, ufungwe kwa bendi za nyuzi za kaboni, pedi zote zibadilishwe maana zimekwisha, koki mpya, springi mbili mpya. Kisha wakanitajia bei, kwa adabu ileile. Ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Nikawashukuru, nikasema nitawaza, na wao walijua kama nijuavyo mimi maana ya mtu kusema atawaza.

Nikarudi nikipita Maboneng, upande ule wa mtaa wa Fox uliofufuliwa kuanzia 2009 kwa kahawa, galari na picha kubwa ya Mandela anayepigana ngumi kwenye ukuta wa ghorofa. Kutoka hapo hadi kwenye gereji zetu ni mwendo wa dakika chache, ila bei ya chai inapanda mara nne njiani. Kijana mwenye duka la samani akaona sanduku, akaomba kuona. Akaishika klarineti kwa mikono miwili, akafumba macho. Nikadhani ni mpigaji. Akasema, "Hii ni taa." Alieleza kwamba ukipitisha waya ndani, ukaweka balbu juu na kitako cha zege chini, watalii wanaigombania. Akanipa bei, na bei yenyewe ilinizidi heshima: ilikaribia ile niliyotajiwa kaskazini. Yaani mjini hapa klarineti iliyokufa inalipa gharama za kuitibu iliyo hai. Nilifika nyumbani nikiwa nimekasirika, tena nikiwa nimepiga hesabu.

Aliyeniokoa alikuwa fundi viatu.

Kibanda chake kiko kando ya mtaa wa Jules, katikati ya muuza betri na kinyozi. Ni mtu wa Bukavu, umri wa baba mdogo, ndiyo maana namwita Baba ingawa yeye huniita Mutanzania. Nilikwenda kubandika soli. Akaona sanduku, akaacha soli.

"Iyi ni klarineti," akasema. "Inapasuka?"

Kumbe alilelewa katika kanisa la Kimbangu, na Wakimbangu, kama hujui, ni watu wa bendi kuliko watu wa benki. Wana fanfare za shaba, wana filimbi, na Kinshasa wana okestra kamili ya simfoni iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, rubani na mjukuu wa Simon Kimbangu mwenyewe. Okestra hiyo ilipoanza ala zilikuwa chache na vipuri hamna. Uzi wa fidla ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ukachukua nafasi. Fundi wangu alipiga trombone kwenye fanfare ya Bukavu hadi vita vilipomtoa. Aliniambia habari ya waya wa breki huku akichambua klarineti yangu, skrubu moja baada ya nyingine, na kuzipanga kwenye kifuniko cha dawa ya viatu.

Ukimtazama fundi viatu kwa makini, utaona kwamba ana kila kinachohitajika. Ana koki, kwa sababu soli za ndala fulani ni koki tupu. Akakata ukanda mwembamba, akaupunguza kwa msasa hadi vipande vikaingiana bila kulegea. Palipokuwa na shingo iliyochakaa zaidi aliacha koki kabisa akazungusha uzi wa nta, akisema wazee walifanya hivyo. Na ni kweli: klarineti za mwanzo, tangu Johann Christoph Denner wa Nuremberg alipoiunda karibu na mwaka 1700, zilifungwa kwa uzi. Springi za klarineti ni sindano za chuma kilichopikwa, basi akachukua sindano za kushonea, akazikata urefu, akazichomeka. Kibonyezo kilichokuwa kinanesa kwa mpira wa kufungia noti, kazi ya mikono ya mwenye klarineti wa zamani, kikaanza kuruka chenyewe. Alifanya haya yote wakati wa mgao wa umeme, taa ya simu ikiwa mdomoni, na aliendelea kuzungumza.

Pedi ndizo zilizotutesa. Niliagiza seti mtandaoni, nikaandika anwani yangu wazi: Jeppestown. Mleta vifurushi, kwa uzoefu wake, akaenda Jeppe. Mtaa wa Jeppe ulikuwa katikati ya mji. Siku hizi unaitwa Rahima Moosa, kwa heshima ya mmoja wa viongozi wa maandamano ya wanawake ya 1956, lakini ukimwambia dereva yeyote "Jeppe" anakupeleka hukohuko, kwa Wahabeshi, kwenye maghorofa yaliyojaa mablanketi na viatu vya jumla. Kifurushi kilipokelewa na kusainiwa na muuza mablanketi mmoja, mtu mwungwana sana, ambaye alinipa kahawa vikombe vitatu kabla ya kukubali kwamba tuzungumze habari za kifurushi. Nilipokifungua, pedi zilikuwa za filimbi.

"Tutengeneze," akasema fundi. "Sufu, na utumbo wa ng'ombe. Leo ni siku gani?"

Ilikuwa Jumatatu, na Johannesburg nzima Jumatatu hula mogodu, yaani matumbo. Mama anayepika pembeni ya stesheni alitupa kipande kibichi bila maswali. Fundi akakivua utando wa nje, kazi ya subira kuliko zote nilizoona, akaunyoosha juu ya mguu wa chuma wa kugongea viatu ili ukauke. Kisha akatafuta sufu iliyoshindiliwa, na hapo macho yake yakatua kwenye pama.

Ilikuwa imening'inia kwenye msumari, pama ya kijivu, ya watu wenye heshima zao. Juu yake palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi: VITU VISIVYOCHUKULIWA NDANI YA SIKU 30 VITAUZWA. Fundi akaniambia imeletwa kubadilishwa utepe tangu Pasaka. Akaishusha, akaipangusa vumbi, akachukua kitoboleo cha mikanda ya suruali na ndugu zake wakubwa, na kabla sijapata neno la busara akatoboa vijiduara 17 vya ukubwa mbalimbali. Lazima niseme ukweli: ni sufu nzuri mno.

Tulipogeuka, paka wa kinyozi alikuwa amesimama juu ya mguu wa chuma akimalizia utando wa mwisho.

Fundi hakukasirika. Alikaa kidogo, akanywa maji, akatoa glavu ya mwanamke iliyosahauliwa, ngozi laini ya mbuzi, akavika vijiduara vyake kimoja kimoja na kuvikaza kwa uzi. Hakujua, na wala hakuhitaji kujua, kwamba hivyo ndivyo alivyofanya mpiga klarineti Iwan Müller karibu na 1812, alipoachana na pedi tambarare akatumia za ngozi zilizojazwa sufu, na klarineti ikaweza kubeba vibonyezo vingi bila kuvuja. Vyuma vya kizazi kilichofuata, vile ambavyo mpigaji Klosé na fundi Buffet walivionyesha Paris 1839 na vikakaa kwenye klarineti hadi leo, vilisimama juu ya ujanja huo. Katika kibanda cha mtaa wa Jules tulikuwa tumerudi nyuma karne mbili, na hewa ikakoma kuvuja.

Bado ufa. Ufa mdogo wa mpingo huzibwa kwa supagluu iliyochanganywa na unga wa mpingo wenyewe, kisha hukazwa. Supagluu ilikuwepo. Unga nikasema ninao, nikakimbia nyumbani kuleta sanamu yangu: mama aliyebeba mtungi kichwani, mpingo mtupu, zawadi ya mjomba siku naondoka Tanzania. Nimeibeba mipaka mitatu nikiifunga kwenye shuka. Nikamwambia fundi apige tupa chini kidogo tu, pasipoonekana.

Akapiga tupa mara mbili. Akanusa. Akanitazama kwa upole.

"Mutanzania. Iyi ni Kiwi."

Chini ya weusi palikuwa peupe, mti laini wa kawaida, na ule weusi niliouonea fahari ulikuwa dawa ya viatu iliyosuguliwa na fundi hodari. Nani angemdanganya mtu wa Bukavu kuhusu Kiwi? Nikabisha hata hivyo. Mpingo halisi ni mzito kuliko maji, unazama. Basi tukajaza beseni. Mama wa mtungi akaelea kwa raha zake, akazunguka, akagusa ukingo, akarudi katikati. Kinyozi alitoka kuangalia. Tukatumbukiza kwa sekunde moja ile sehemu fupi ya klarineti iitwayo pipa, ikaenda chini moja kwa moja. Yaani kitu pekee cha kwetu Lindi nilichokuwa nacho Afrika Kusini kilikuwa cha Kifaransa.

Hapo ndipo akaingia mwenye pama.

Alikuwa mzee wa Kimakonde wa Cabo Delgado, aliyekuja mji huu kuchimba dhahabu na akabaki, mwenye Kiswahili cha pwani kilichonyooka na fimbo mkononi. Nikasema shikamoo kwa unyenyekevu mwingi kuliko kawaida. Akaitikia marahaba huku macho yakiwa ukutani, kwenye msumari mtupu.

"Kofia yangu."

Fundi akaonyesha kibao. Mzee akakisoma chote, taratibu.

"Kinasema vitauzwa. Hakisemi vitatobolewa."

Pama ikatolewa chini ya meza. Akaiinua kwenye mwanga, na mwanga wa mtaa wa Jules ukapita kwenye matundu 17 ukamwangukia usoni kwa madoa. Nikaanza kueleza: pedi, Jumatatu, paka, Iwan Müller. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mshtakiwa. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye klarineti. Akakigonga kipande cha juu kwa kucha, akasikiliza.

"Huu mpingo," akasema. "Nani kaupasua?"

"Theluji, babu."

"Mliupeleka kwenye theluji?"

"Kiongozi wa kwaya, babu."

Mzee akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kuhusu kofia alisema mambo mengi ambayo sitayaandika. Kisha akageuza fimbo yake juu chini, akang'oa kile kipira cha mwisho, na hapo ncha ikaonekana, nyeusi, mpingo wa Mueda aliouchonga baba yake. "Pigeni tupa," akasema. "Kidogo. Na kipira kiwe kipya." Masharti mengine yalikuja moja baada ya jingine tupa ikiendelea kulia: harusi ya binti yake mwezi wa Oktoba, klarineti ipigwe bure, toka kanisani hadi ukumbini, na fundi atanunua pama, isiwe ya mtumba.

Unga ulikuwa mweusi hasa. Fundi akaujaza kwenye ufa, akadondoshea supagluu, akapangusa kwa msasa wa maji, kisha akazungusha uzi wa nta juu na chini ya ufa na kukaza kwa meno. Nikaiunganisha, nikaishika kwapani kwanza ipate joto la mwili, nikapuliza. Ililia noti zote. Ile ya juu iliyotutia aibu kwenye video ilitoka safi, na kinyozi akapiga makofi akiwa na wembe mkononi, jambo lililomtia mteja wake wasiwasi.

Nikaomba risiti, kwa sababu Mama Mchungaji alikuwa ameahidi kwamba kanisa litarudisha nusu. Kitabu cha risiti cha fundi kimechapwa kwa ajili ya viatu na hakina nafasi ya kitu kingine. Akakijaza bila kusita. Aina: nyeusi, ya kupuliza. Mguu wa kushoto: juu, umeshonwa. Mguu wa kulia: chini, koki mpya. Alipofika kwenye saizi akachukua futi yake, akailaza klarineti mezani, akapima, akaandika 66.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu akisoma kila mstari.

"Na kofia yangu inaandikwa wapi?"

Fundi akatazama karatasi yote, juu hadi chini, nafasi zimeisha. Akaigeuza pembeni, na ukingoni, penye maneno "kamba" na "kisigino", akaandika kwa herufi ndogo: pama moja, vipande 17, mteja yupo.